Moshi wa Siku Isiyo ya Soko

Enzi zetu, sisi tuliokulia Uvira, mji wa kando ya ziwa, hatukuhitaji redio itwambie kwamba vita vinakaribia. Tulinusa. Mama yangu alikuwa muuza samaki, na alibanika mikeke, wale samaki wadogo wa ziwani, siku mbili tu kwa juma, Jumatatu na Alhamisi, ili kesho yake awapeleke sokoni. Siku hizo moshi ulikuwa mwenzetu. Uliingia kwenye nywele, kwenye mashati meupe ya shule, hata kwenye madaftari, na mwalimu wetu alikuwa akiinua daftari langu hadi puani na kuuliza kama kwetu tunaandika kwa mkaa. Darasa zima linacheka, na mimi nacheka nao. Lakini ukirudi kutoka shule siku ya Jumatano, ukakuta moshi unapanda nyuma ya nyumba, ulikwenda moja kwa moja kutafuta viatu. Moshi wa siku isiyo ya soko ulikuwa na maana moja tu. Tunakimbia.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka. Unaweza kuwa uko uwanjani unacheza nzango na wenzako, mnapiga makofi, mnarusha miguu, mnabishana nani kashinda, na ghafla mmoja anasimama na kuinua pua. Mchezo unakwisha bila mtu kuaga. Kila mtoto anakimbilia kwao kuona kama ni jiko lao.

Samaki wa soko mama alimtia chumvi. Samaki wa njia hakumtia hata chembe, kwa sababu chumvi huleta kiu, na njiani maji ni ya bahati. Alimkausha mpaka akawa mgumu kama ubao, akamfunga kwenye kipande cha kitenge, na kila mtoto akafungwa kifurushi chake tumboni, chini ya nguo. Mimi, Feza, nilikuwa na miaka kumi. Mdogo wangu Neema alikuwa na saba. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alitusimamisha mlangoni na kurudia maneno yaleyale, na asiyeyarudia vizuri alipigwa kofi.

"Kila mutoto na samaki yake. Muntu asibebe ya mwenzake. Na kama tunaachana mu njia, muningojee ku kanisa. Haiko ku soko, haiko kwa muntu munajua. Ku kanisa ya kwanza mutaona."

Leo hii watoto wetu wakienda matembezi ya shule hujaza begi chipsi na waya za kuchajia simu. Sisi tulijaza tumbo maagizo.

Tulikimbia mara tatu, na mara mbili za kwanza tulirudi wote. Mara ya tatu Neema alianza kulia kabla hatujafika mbali. Kifurushi kilikuwa kinamkwaruza tumbo. Nikamwambia nipe, nitakubebea. Nilifanya hivyo kwa huruma, naapa, ingawa nilijua kwamba nimevunja amri. Kwenye daraja watu walikuwa wengi, mtu akapiga kelele kwamba wamefika, na umati ukatubeba. Nilipopata kusimama tena, mkono wangu ulikuwa umeshika upindo wa nguo ya mama, na mkono wa Neema haukuwepo. Tulikuwa tumeshasukumwa kulipita kanisa la kwanza. Nyuma yetu kulikuwa na risasi, na hakuna aliyeruhusiwa kurudi.

Siku ya kwanza nilikula samaki wangu. Siku ya pili nilikula wa Neema. Nilijificha nyuma ya mgomba, nikamla mpaka kichwa.

Siku ya sita njia ikafunguka. Tukamkuta Neema kwenye ngazi za lile kanisa la kwanza, midomo imepauka, miguu imevimba, amekaa palepale alipoambiwa akae. Mama alimkumbatia, kisha akamkagua tumbo kwa mkono. Akauliza samaki yake iko wapi. Neema alinitazama. Akasema, "Ilianguka."

Mama hakuuliza tena. Mimi sikusema neno. Nimekaa na kimya hicho zaidi ya miaka ishirini na mitano.

Sasa naishi Brussels, kwenye orofa ya tatu katika mtaa wa Saint-Josse, pamoja na binti yangu Grâce, na mama, ambaye nilimleta miaka minne iliyopita. Kazi yangu ni kutunza wazee wa watu. Nawaogesha, nawalisha, najua dalili zote za kusahau. Kwa mama niliziona mapema nikajifanya sikuziona. Alianza kwa kuweka funguo kwenye sukari. Kisha akaanza kuniita kwa jina la dada yake.

Jumapili moja ya mwezi uliopita, Grâce aliamua kuwaalika rafiki zake wawili kwa brunch. Kwa wasiojua, brunch ni chakula kisichoamua kama ni cha asubuhi au cha mchana, nacho huliwa na watu walioamka saa tano. Kwetu aliyeamka saa tano alipelekwa hospitali. Grâce alikuwa amenunua, duka moja la Flagey, samaki aina ya salmoni wa moshi, laini kama mbichi, na mikate ya duara yenye tundu katikati, ile wanayoiita bagel. Akachukua ubao mkubwa wa mbao, akaanza kupanga. Mikate pembeni. Katikati bakuli la jibini laini. Matango yaliyokatwa membamba mpaka unaweza kusoma gazeti ukiwa nyuma yake, vitunguu vyekundu, na vile vitu vidogo vya kijani vyenye uchachu vinavyoitwa câpres, ambavyo mimi navitoa pembeni ya sahani. Salmoni akamkunja vipande vipande akavisimamisha kama maua. Nilinyoosha mkono nionje.

"Maman, non! Usiguse kwanza, bado sijapiga photo!"

Enzi zetu tulishukuru kabla ya kula. Hawa wanapiga picha. Kabla sijamjibu, mama akatoka chumbani.

Alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Akainama, akanusa. Akagusa samaki kwa kidole, akakitazama kidole.

"Hii samaki haijaiva," alisema polepole. "Mulitoa ku moto mbio sana."

"Koko, njo vile inakulaka," Grâce alimjibu bibi yake akicheka. "Iko bon, utaona."

Mama hakucheka. Aliniangalia mimi, macho makavu, akauliza leo ni siku gani. Nikamwambia ni Jumapili, maman. Akaitikia kwa kichwa na kurudi chumbani. Ningejua, ningeacha kila kitu pale pale. Lakini pua yangu ilikuwa imeshazoea Ulaya.

Grâce alikuwa amesahau ndimu, akashuka dukani. Mimi niliingia kuoga. Nilipotoka, mikate ilikuwa mahali pake, jibini mahali pake, câpres zimemwagika mezani. Salmoni hakuwepo, hata kipande. Nilifikiri ni mzaha wa Grâce. Kisha nikaona sandali za nyumbani za mama katikati ya korido, zimeelekea mlangoni, na kabati la viatu wazi. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri kabisa, kama unavyofunga usipotaka majirani wasikie.

Mwili wangu ulielewa kabla ya akili. Samaki wa moshi siku isiyo ya soko. Samaki aliyetolewa motoni kabla ya kuiva, maana yake hakuna muda, maana yake wameshafika. Mama yangu alikuwa amekimbia vita katikati ya Saint-Josse, mwanamke wa miaka sabini na mitatu asiyekumbuka namba ya nyumba yake. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio.

Nilishuka ngazi na nywele zikichuruzika maji. Chini nilikutana na Grâce na ndimu zake. Nilipomwambia, akatoa simu papo hapo.

"Mais koko haijue hata bus! Tuite polisi?"

"Ita. Na uangalie ku station ya bus, ku boulanger, mu duka yote."

Mimi nilikimbia upande wa pili. Nimeogopa mara nyingi maishani, lakini uoga ule niliujua kwa jina. Ulikuwa uleule wa darajani, wa mkono uliobaki mtupu. Kila mwanamke mfupi aliyevaa kitambaa kichwani nilimshika bega, na kila aliyegeuka hakuwa yeye. Mama mmoja wa Kituruki aliniuliza kwa Kifaransa kama naumwa. Tramu ilipiga kengele karibu yangu, nikamwona mama chini ya magurudumu, ingawa hakukuwa na mtu. Niliita, "Maman!" mtaani kwa sauti ya mtoto.

Nilisimama kupumua kwenye kona, na hapo ndipo sauti yake ilinijia, na kofi lake pia. Haiko ku soko. Haiko kwa muntu munajua.

Kanisa la kwanza kutoka mlangoni kwetu ni lile la matofali, mwisho wa mtaa, tunalopita kila siku bila kuingia. Alikuwa amekaa kwenye ngazi. Amevaa makoti mawili na vitenge vitatu, viatu vya kutembelea amevivaa kinyume, cha kushoto mguu wa kulia, na mapajani ameshika vifurushi vitatu vya kitambaa alichochana kutoka kwenye shuka langu jipya. Mafuta ya samaki yalikuwa yamepenya mpaka kwenye koti. Nililia mbele ya watu waliokuwa wanatoka misani.

"Umechelewa," aliniambia. "Na hii samaki iko na chumvi sana. Batoto watasikia kiu mu njia."

"Hakuna vita, maman. Turudi ku nyumba."

Hakunisikia, au hakuniamini. Aliweka kifurushi kimoja mkononi mwangu. "Hii yako." Akaweka cha pili. "Hii ya Grâce." Cha tatu alikishika kwa mikono miwili, akanitazama, na kwa muda ule mfupi macho yake yalikuwa safi, yale ya sokoni, yasiyodanganywa na mzani wa mtu.

"Hii ya Neema. Minabeba miye mwenyewe. Safari hii haitaanguka."

Alijua. Alijua siku ileile kwamba samaki yule hakuanguka, na aliniacha nikue.

Grâce alitukuta pale, akawaambia polisi tumempata, nasi tukarudi polepole, yeye amemshika mkono mmoja na mimi mwingine. Rafiki za Grâce walipofika, walikula mikate na jibini na vitunguu, wakasema ni tamu sana. Jioni mama hakukumbuka kitu, akauliza ni nani aliyechana shuka.

Nikampigia Neema, ambaye bado yuko Uvira na ana watoto wanne. Nikamwambia: samaki yako nilikula mimi, nyuma ya mgomba.

"Yaya," alisema, akiniita dada mkubwa kama zamani, "ilikuwa tamu angalau?"

Nilimwambia sikumbuki utamu. Nakumbuka haikuwa na chumvi.

Siku hizi vijana wetu hutandaza samaki kwenye ubao, kila mtu akachukua anachotaka, hakuna anayehesabu wala anayefunga tumboni. Nawaonea wivu, na nawaogopea. Enzi zetu tulikuwa na hofu nyingi, lakini kila mtoto alijua pa kungojea. Juzi, kabla Grâce hajaenda shuleni, nilimsimamisha mlangoni nikamuuliza: tukipotezana, tunakutana wapi? Akanyanyua simu, akasema atanitumia mahali alipo. Nikamwambia rudia vizuri. Akaona uso wangu, akaishusha simu.

"Ku kanisa, maman," alisema. "Kanisa ya kwanza."