Maji ya Mama Mkwe Ndani ya Rejeta

Ipo siku moja naikumbuka hata nikiwa sitaki, mdogo wangu, hasa nikisikia mtu anacheka nyuma yangu darasani. Nimeona nikuandikie kabla hujaanza kidato cha kwanza, maana kwa mdomo sitaweza. Unanijua, nikiitwa mbele kujibu swali naangalia viatu vyangu. Na sina mvi hata moja ya kunipa ruhusa ya kukuusia. Lakini aibu niliyoipata inatosha watu wawili, kwa hiyo chukua fungu lako humu bila kulisotea.

Baba mdogo Mwita ana lile gari dogo la tabo analobebea abiria kati ya Sirari na Tarime. Tabo inasukuma hewa nyingi iingie kwenye injini. Hewa ikisukumwa hivyo inapata joto, na hewa ya moto haina nguvu. Ndiyo maana kuna intakula, kisanduku cha mapezi kama rejeta ndogo, kinachoipoza kwanza. Kwenye lile gari kilikaa juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Likikaa kwenye foleni pale mpakani, kisanduku kinakaangwa na joto la injini yenyewe, na mkiondoka gari linakuwa zito.

Likizo ile niliimalizia kwenye simu ya baba mdogo nikitazama video za watu wanaobadilisha mambo hayo. Magari ndiyo kitu pekee ninachoweza kukizungumza bila kujikwaa, unajua hilo. Nikamwambia tukihamishe kile kisanduku, tukiweke mbele kabisa kwenye upepo, tena tutafute kikubwa.

"Ghati, wewe ndiye injinia wa ukoo huu," alisema. Sijawahi kuitwa hivyo na mtu. Nilitembea na lile neno siku nzima.

Fundi wetu wa Sirari alikuwa na intakula iliyotoka kwenye lori lililopinduka. Ilikuwa pana, ikaiziba rejeta yote kama mtu aliyesimama mlangoni. Bomba lake likakosa pa kupita.

"Hapa lazima feni moja ya kupoza rejeta itoke," fundi alisema. "Itabaki moja. Injinia anasemaje?"

Wote wawili wakanigeukia. Mdogo wangu, sikuwa nimeliona jambo hilo kwenye video yoyote. Ila walikuwa wananisubiri, watu wazima wawili, na mimi sijazoea kusubiriwa.

"Moja inatosha," nikasema.

Feni ikatolewa, na kwenye barabara ya lami gari lilivuta mpaka mgongo ukaganda kwenye kiti. "Hii sasa ni ndege, msee!" fundi alipiga kelele dirishani. Baba mdogo alikuwa anacheka peke yake kama mtoto.

Wiki ile ile tulimpeleka mke wake, mama mdogo Wankuru, mnadani. Alikaa nyuma na mtoto. Tulipokuwa tunatambaa kuingia mnadani akasema, "Nasikia harufu tamu. Kama sukari inaungua."

Mimi nilijua ile harufu ni ya nini. Nilishasoma kwamba maji ya rejeta yenye dawa yakichemka na kuvuja yananukia hivyo. Lakini kukubali harufu ilikuwa kukubali kwamba feni moja haitoshi. Nikasema, "Mama mdogo, labda umekula pipi."

Ni mzaha gani huo? Hata hauchekeshi. Lakini baba mdogo alicheka mpaka akapiga usukani, na tulipofika stendi akawasimulia wenzake. Kufika jioni makondakta wote walikuwa wanamwita Mama Pipi. Kesho yake alipokwenda dukani wakamwamkia kutoka ng'ambo ya barabara, "Mama Pipi, shikamoo!" Alimwambia mumewe awakataze. Mumewe akamjibu kwamba ule ni utani tu, mbona anakuwa mkali. Mama mdogo hakugombana. Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kwao Gorong'a, na hakusema atarudi lini.

Baba mdogo alikuwa anakula chakula alichokipika mwenyewe, amesimama. Mwisho akaniambia tumfuate. Mimi niende kwa sababu mwanaume hawezi kusimama mbele ya mama mkwe wake na kujieleza. Unajua tulivyo kwetu: hamwangalii usoni, na wakikutana njiani mmoja anapisha porini. Kwa hiyo mimi, nisiyeweza kusema mbele ya darasa, ndiye nilikuwa niende kumwombea msamaha.

Baba mdogo alivaa koti lake la harusi. Tulipofika kwenye kilima cha kuelekea Gorong'a tukakuta ng'ombe wamejaa barabara nzima. Tukapanda nyuma yao taratibu kabisa, upepo hakuna, feni ni moja, na lile lisanduku langu limeziba mbele. Mshale wa joto ulipanda ukagonga mwisho. Kisha boneti ikaanza kutoa mvuke.

Tulishuka. Baba mdogo alikuwa anafungua boneti, na mara akasema, "Mungu wangu," akajitupa nyuma ya gari, akachuchumaa karibu na tairi na koti lake.

Nikatazama barabarani. Anakuja mwanamke mzee na ndoo ya maji kichwani. Alikuwa mama mkwe wake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mnakwenda wapi?"

"Tunakuja kwako."

"Na aliyekuleta yuko wapi?"

Nyuma ya gari mtu akakohoa. Nikasema, "Anaangalia tairi."

"Tairi ndilo limechemka?"

Bibi alitua ndoo. Alitazama ule mvuke, kisha akaanza kusema na mimi, lakini kwa sauti ya kufika nyuma ya gari.

"Mwambie mwenye gari kwamba mwanangu alifika hapa hana jina. Ana jina la pipi. Nani alimpa hilo jina?"

Ningeweza kunyamaza. Angedhani ni makondakta, na hata baba mdogo asingenikana. Machozi yalishaanza kunishuka.

"Ni mimi, Bibi."

"Wewe unayesoma?"

"Ndiyo."

"Basi nieleze. Mtu akikwambia anasikia moshi ndani ya nyumba, unamuuliza kwanza alifika darasa la ngapi? Mwanangu hakuwaambia yeye ni fundi. Aliwaambia pua yake imesikia nini. Mlishindwa hata kusimama mkaangalia?"

Ng'ombe walishafika juu ya kilima.

"Maji haya nilikuwa nayapeleka kupikia," alisema. "Nawaachia. Subirini lipoe, mtie, halafu mrudi mlikotoka. Leo msifike kwangu. Mkifika leo mtakuwa mmekuja kuomba maji, hamjaja kuomba mke."

Akatuachia na ndoo, akashika njia ya kwake mikono mitupu. Baba mdogo hakuinuka mpaka alipopotea kwenye kona. Tulitia maji ya mama mkwe ndani ya rejeta bila kutazamana. Njia nzima hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tulirudisha kisanduku cha zamani na feni zake zote mbili. Baba mdogo alikwenda stendi, akasimama katikati ya makondakta akawaambia jina la mke wake ni Wankuru, na atakayesahau asipande gari lake tena. Baada ya hapo alipanda basi, akaenda Gorong'a na babu yetu akamsemee kwa wakwe. Mama mdogo alirudi.

Alirudi, lakini ndani ya gari hasemi kitu. Hata tukipita shimo kubwa anashika tu kiti. Juzi nilimuuliza, "Mama mdogo, unasikia huo mlio wa mbele?" Akasema, "Ninyi ndio mnaojua." Hakusema kwa hasira. Nimemuomba msamaha mara nyingi, na ameitikia, ila sauti yake ndani ya lile gari nimeshindwa kuirudisha.

Kwa hiyo, mdogo wangu, huko shuleni utajua mambo ambayo nyumbani hawayajui. Yajue, na uyafurahie. Lakini usipojua, sema hujui, hata kama watu wazima wamekugeukia wanasubiri. Na mtu akikwambia ameona au amesikia kitu, simamisha kazi yako ukaangalie, hata kama utaonekana ulikosea. Usimpe jina la kumchekesha mtu mwingine. Jina hilo likishatoka mdomoni mwako, si lako tena, utalikuta linatembea stendi na huwezi kulikamata.

Mungu akutangulie, Robi. Akupe akili, na akupe watu wasioogopa kukwambia unapokosea.