Ufunguo wa Laini ya Kishushe

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha umeme Voi, forman alilitazama buibui langu, akaitazama swichi ya laini kubwa, akacheka. "Mama, hapa si jikoni kwa mahamri." Nikamwambia anioneshe kazi tu, maneno baadaye. Akanionesha.

Kazi ya opereta, kwa nyinyi mnaoanza leo, ni hii: mafundi wakitaka kupanda nguzo, wewe unaikata laini yao, unaifunga swichi kwa kufuli, na ufunguo unabaki kwako wewe. Forman yule alikuwa mkali lakini mkweli. "Aliyepanda atakwambia kwa mdomo wake kwamba wote wameshuka," alinifunza. "Si bosi wake, si shemeji yake." Nilikwenda na funzo hilo Taveta, nikakaa Bomeni chini ya injinia mpole aliyependa ndizi kuliko mikutano, kisha nikarudishwa Voi.

Ndipo yakaja magrupu ya simu. Meneja mpya alitutia sote kwenye grupu moja, na kazi ikawa kujibu jumbe. Unakula, inalia. Unaswali, inalia. Usipojibu unaulizwa mbele ya wote kama umelala. Nililichukia grupu lile, sisemi uongo.

Siku moja mafundi wawili, Mwakio na Kilonzo, walikuwa Kishushe wakibadilisha vikombe vya kauri vinavyoshika waya juu ya nguzo. Mchana ujumbe wa Mwakio ukaingia kwenye grupu: "Tumemaliza." Hapo hapo meneja akanipigia.

"Bi Saumu, washa. Wenye machimbo wananipigia kelele, mashine zao zimelala tangu asubuhi."

"Ngoja nimsikie Mwakio."

"Si ameandika? Hujui kusoma?"

Nilimpigia Mwakio, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Netiweki ya Kishushe ni ya kubahatisha. Ujumbe waweza kutumwa asubuhi ukafika mchana. Meneja akapiga mara ya pili, sasa sauti yake imeshuka, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Nakuja hapo. Nikikuta hujawasha, kesho usije."

Nilikuwa na watoto wawili chuoni na mume mgonjwa kitandani. Niliogopa, wallahi. Nikaufunga ufunguo kwenye pindo la leso, nikavuta kiti, nikakaa mbele ya swichi.

Gari likaingia. Alikuja moja kwa moja, mkono mbele. "Ufunguo."

"Amri nimeisikia, bwana meneja. Mwakio sijamsikia."

"Basi nitauchukua mwenyewe."

"Utaishika nguo ya mwanamke, wewe?"

Akasita. Simu yangu ikalia, nikaiweka spika. Alikuwa Mwakio, anahema. "Bi Saumu, tulimaliza nguzo ya kwanza, sasa tuko ya pili. Nimepanda kilima kutafuta netiweki nikuombe muda. Kilonzo bado yuko juu, ameshika waya."

Meneja akautia mkono mfukoni, akarudi garini. Onyo la kukaidi amri nilipewa vilevile. Nikalitia sahihi, nikaenda nyumbani nikalia.

Mafundi wale sikuwaambia kilichopita kituoni. Nani angepanda nguzo tena kwa moyo mmoja akijua?

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza ufanyeje bosi akikusukuma, nami huwaambia ukweli. Hofu yenyewe haiondoki, unafanya kazi nayo hivyo hivyo.

Juzi Kilonzo, ambaye siku hizi ndiye forman, alikuja kunijulia hali. Hata chai hajaigusa akaanza kulalamika. Opereta mpya, msichana wa Maungu, ati haridhiki na ujumbe, lazima apigiwe. Anawachelewesha, na grupu zima linamsema yeye Kilonzo. "Kesho namwandikia onyo," akasema.

Nikamwambia akae vizuri. Nikamweleza siku ile, ufunguo, meneja na yote. Kisha akatoka uani, akampigia yule msichana, nami nilimsikia kupitia dirisha.

"Usiwashe mpaka unisikie," alimwambia. "Hata nikikutukana."