Mapazia ya Mbolea

Mama alipohamia kwangu Moshono kutoka Olmotonyi alikuja na jiko lake la mkaa. Nikamwambia nyumba hii ina mablanketi ya kutosha. Akanitazama kama mtu aliyesikia upuuzi. Kwake Julai bila moto miguuni si maisha. Nikasalimu amri, ila kila akiwasha nilifungua dirisha ili hewa chafu itoke, na upepo ndio ulioleta balaa: siku moja pazia lilirushwa mpaka kwenye makaa, likashika moto. Nililizima kwa ndoo ya maji ya kufulia.

"Sasa chagua," Mama alisema. "Moto ubaki, au nirudi kwangu."

Kwake hakuna mtu, na miguu yake haifiki hata bombani. Nilitaka abaki. Nikaona kwenye simu kwamba mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, ile nyeupe kama chumvi, ukiiyeyusha kwenye maji ya moto na kuloweka kitambaa, kikikauka hakiwaki. Nikaenda duka la pembejeo Ngaramtoni. Muuzaji akauliza nalima nini. Nikasema mapazia. Hakucheka.

Kazi yenyewe inatia kinyaa. Vidole vinakakamaa, ngozi inawasha, na kitambaa hakikamuliwi, kwa hiyo kinadondosha maji uani kutwa nzima. Lakini kipande cha majaribio nilikipitishia kiberiti kikawa cheusi tu, moto ukafa wenyewe. Nilifurahi kama mtoto. Tatizo ni kwamba kilikuwa kigumu mno. Mama alikigusa akasema, "Hii ni ngozi ya ng'ombe. Unataka kuiwamba dirishani?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu kitu kigumu kinalainishwa kwa magadi. Maharage magadi, makande magadi, hatuulizi. Nikachota kiganja kizima nikatupa kwenye beseni la mbolea, nikakoroga. Mimi, mwalimu wa sayansi, ninayewafundisha watoto wa watu kwamba vitu hivyo viwili vikikutana hutoa amonia.

Harufu ilikuwa mkojo mtupu. Mkojo wa zizi lisilofagiliwa, unaopanda puani na kushuka mpaka kooni. Machozi yalinitoka, nikatapika pembeni ya karo. Mtu mwenye akili angemwaga yote. Mimi niliionea uchungu mbolea yangu, nikaloweka mapazia, nikayatundika chumbani kwa Mama yakiwa bado mabichi, maana jioni ile jumuiya ya kanisani ilikuwa inasali kwetu na dirisha lake linatazamana na geti. Nilijidanganya kwamba harufu itaisha.

Wanawake waliingia chumbani kumwamkia. "Shikamoo, bibi." Mmoja akavuta kanga mpaka puani. Mwingine akatazama godoro, kisha akatazama ukuta haraka. Sala ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kusikia, na chai yangu ilibaki kwenye vikombe. Mama alikaa wima kitandani, amevaa gauni lake la kanisani, akiitikia kila salamu.

Kesho yake asubuhi kiongozi wa jumuiya alirudi na pakiti aliyoifunga kwenye kanga. Nepi za watu wazima.

"Usione aibu, mwalimu," alininong'oneza mlangoni. "Hata mama mkwe wangu alianza hivihivi. Mungu anaona unavyomtunza."

Ningeweza kusema ni mbolea. Neno moja tu. Lakini alikuwa ananitazama kwa heshima, binti mwema anayevumilia mzigo wake, na mimi sikutaka mtaa mzima umcheke mwalimu aliyeloweka mapazia kwenye mbolea na magadi. Nikapokea pakiti kwa mikono miwili. Nikasema asante, dada, kwa sauti ya huzuni kabisa.

Nilipogeuka, Mama alikuwa amesimama kwenye korido ameshika ukuta. Aliitazama pakiti.

"Ulimwambia ni mapazia?"

Nikaificha pakiti nyuma ya mgongo.

Niliyafua mapazia mara tatu, nikayaloweka upya bila magadi, chumba kikawa hakina harufu yoyote. Jumapili nikampigia pasi gauni lake na kumletea viatu. Hakunyoosha miguu.

"Nenda wewe," alisema. "Huko kanisani mimi bado nanuka."