Siku Nilipomzika Mama Zaituni kwenye Simu za Watu

Nakiri mapema, msije mkayasikia kwa wengine: mimi ndiye niliyewatoa majirani wa Kawempe majumbani mwao, wakiwa na majembe na mikeka, waende kumzika mwanamke ambaye saa hiyo alikuwa soko la Nakivubo akichagua ukindu wa kusukia.

Kutengeneza tovuti si kazi yangu. Chuoni nilisomea ustawi wa jamii, na haya ya kompyuta nimejifundisha mwenyewe kwa masomo ya bure ya mtandaoni. Nilikuwa na imani, ambayo bado ninayo, kwamba wanawake wanaosuka vikapu wana haki ya kuonekana mtandaoni sawasawa na mabenki. Kwa hiyo nilijitolea kukitengenezea ukurasa kikundi cha Mama Zaituni, kwani Bi Mwende, mfanyabiashara wa Nairobi, alikuwa apite Kampala Jumamosi ile kuchagua vikapu vya duka lake, naye aliomba kwanza aone kazi yao kwenye simu. Ingekuwa oda yao ya kwanza kutoka nje ya nchi.

Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo. Picha ya Mama Zaituni ilikuwa nzito, bando ni ghali, na mimi ni mtu wa maadili (ndivyo nilivyojiona), basi nikaiondoa rangi, nikidhani picha isiyo na rangi hula bando kidogo. (Haipungui sana, dawa ni kupunguza vipimo vya picha kabla ya kuipandisha, na programu za bure za kufanya hivyo zimejaa, nami nilikuwa nazo mbili.) Ikabaki nyeusi na nyeupe, nikaona ina heshima, nikaizungushia fremu nyembamba, nikaandika jina lake chini, kisha mwaka alioanza kukiongoza kikundi, kistari, na mwaka huu. Maelezo kwamba hiyo ni miaka ya uongozi niliyaweka pembeni, ambako kwenye kompyuta yangu yalisomeka vizuri kabisa. Kwenye simu sikutazama. Kwenye simu, mambo ya pembeni husukumwa chini, na mtu hukutana kwanza na picha, jina na miaka miwili.

Jumamosi asubuhi nikamtumia Bi Mwende kiungo, kisha nikakituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, pamoja na maneno niliyoyapima kwa uangalifu: "Tunamshukuru Mama yetu kwa yote aliyotufanyia."

Maziko ya Waislamu hayacheleweshwi, kwa hiyo hakuna aliyengoja ufafanuzi. Walimpigia Mama Zaituni, simu ikawa imezimika (betri yake ni ya kubembeleza), na hilo likawatosha.

Nilifika kwake saa nne, kompyuta kwapani, nikakuta viti vya plastiki uani na wanawake wakilia. Mzee mmoja wa msikitini akaniuliza kwa upole kama maziko ni baada ya adhuhuri au alasiri.

"Pole sana, mzee," nikamwambia. "Nani amefariki?"

Akafungua simu yake akanionyesha. Ndivyo nilivyouona ukurasa wangu kwenye simu kwa mara ya kwanza.

Kabla sijafumbua mdomo, boda ikasimama langoni, akashuka Mama Zaituni na mzigo wa ukindu. Akatazama viti, akatazama majembe.

"Nani amekufa?"

Mwanamke mmoja akapiga yowe akakimbilia nyuma ya nyumba. Aliyepata sauti kwanza ni jirani yake, Mzee Okello, polisi mstaafu.

"Zaituni, ni wewe."

"Mimi? Nani alisema?"

Watu wakatazama simu zao, kisha wakanitazama mimi, kwa kuwa jina langu lilikuwa chini ya ukurasa, kwa mwandiko niliouchagua siku nzima.

"Mwalimu ya kompyuta," Mzee Okello akasema polepole, kama anayeandika maelezo ya mshtakiwa, "kuja hapa. Ni wewe uliua huyu mama?"

"Hapana, mzee. Ni mpangilio wa ukurasa."

"Huyo Mpangilio anakaa wapi? Tumkamate leo leo."

Uwanja mzima ukacheka, hata waliokuwa wakilia. Mama Zaituni naye alicheka, mpaka simu yake ilipopata chaji na ujumbe wa Bi Mwende ukaingia: "Poleni sana kwa msiba. Sitawasumbua wakati kama huu."

Akampigia papo hapo.

"Naongea na nani?"

"Ni Zaituni."

"Zaituni yupi?"

"Huyo ulisikia amekufa."

Ilichukua muda kueleweka. Bi Mwende aliomba radhi mara mbili, lakini alikuwa tayari ndani ya basi la Mbarara, na oda alikwisha kuwaahidi wasusi wa huko. Mama Zaituni akaweka simu chini, akaenda barazani kulikopangwa vikapu vya kumwonyesha mgeni, akaanza kuvirudisha, kidogo ndani ya kikubwa. Nilitaka kumsaidia, sikujua kama ninaruhusiwa.

Kurekebisha ukurasa kulinichukua dakika kumi, nazo ndizo zinazoniuma zaidi. Tangu siku hiyo sitangazi ukurasa wowote kabla ya kuufungua kwenye simu ndogo kuliko zote zilizopo, na kumpa mtu ambaye hakushiriki kuutengeneza. Wala simuulizi kama ni mzuri, namuuliza anaona nini. Wa kwanza huwa ni Mama Zaituni. Huishika simu mbali na macho, huteremka taratibu mpaka mwisho kabisa, ambako hakuna mteja atakayefika, kisha hunirudishia.

"Leo niko mzima," husema. "Tuma."