Gurudumu la Kahawa Juu ya Kisima

Mama alianguka kisimani mchana kweupe, siku ya soko, na kwa sababu alianguka mbele ya watu, habari ilifika mji wa Beni kabla yeye mwenyewe hajasimama. Hakuanguka ndani, hapana, Mungu apishe mbali! Aliteleza pembeni, kwenye ule udongo wetu mwekundu wa Butembo ambao mvua ikinyesha kidogo tu unageuka sabuni. Bega la kuume lilivimba. Ndoo ilirudi chini pamoja na kamba yake yote. Nilipofika kutoka sokoni nilimkuta Mama amekaa barazani, mkono umefungwa na kitenge, anagombeza ndoo.

"Miye nilishika muzuri," akaniambia. "Ile ndoo njo ilinivuta." Njo kwetu ni ndiyo, si njoo.

Jioni hiyo hiyo yaya akapiga simu. Kwetu yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, na wetu ni huyu wa Beni, mzee wa kanisa, mwenye lori dogo linalokwenda Kasindi na kurudi, mwenye neno la mwisho katika kila jambo tangu Baba alipofariki. Hakunisalimu hata.

"Siku ya posho nakuya kumubeba Mama," akasema. "Mutengeneze bintu yake. Kitanda, matela, yote itaingia mu gari."

"Na yeye ulimuuliza?"

"Nimuulize nini? Mutu wa miaka ile anavuta mayi na kamba? Siku ingine atazama. Kama mayi haiko mu nyumba, Mama hawezi bakia mu ile nyumba. C'est tout."

Akakata. Siku ya posho kwetu ni Jumamosi, kwa hiyo nafasi niliyokuwa nayo ilikuwa wiki moja, tena si nzima.

Sasa nieleze, maana asiye wa kwetu atafikiri Mama alikuwa anakataa joto la Beni tu. Joto alilikataa pia, na mbu wa Beni aliwataja kwa hasira kana kwamba anawajua mmoja mmoja. Lakini kilichomchoma ni neno lile, kumubeba. Mtaani kwetu mzee akibebwa na watoto wake, kila mtu anajua maana yake. Majirani wanakuja kumuaga wamevaa nguo za kanisani. Moto wa jikoni unazimwa, sufuria zake zinagawanywa kwa wamama wa mtaa, na tangu hapo hakuna anayeuliza atarudi lini. Nimeona wamama kadhaa wakiondoka hivyo, wameketi mbele ya gari wakitazama mikono yao. Hakuna aliyerudi.

Mama alisema mara moja tu, "Miye hapana muzigo." Kisha akaingia chumbani na kufunga mlango.

Basi mimi hasira ikanipanda mpaka kichwani. Mimi ni mwanamke wa kuuza vitenge, mdomo ninao, na katika nyumba ile nilikuwa nimeishi na Mama sisi wawili tangu ndoa yangu ilipovunjika. Nikajiambia, ah bon? Neno ni maji? Basi maji yataingia nyumbani kabla lori halijafika, na yaya ameze maneno yake.

Asubuhi nikaenda kwa fundi wa karibu, yule anayechomelea milango na vyuma vya madirisha. Ni mtu wa kujisifu kupita kiasi, lakini kazi anaijua. Aliwahi kuona pompi ya kamba upande wa Kasindi, akanichorea kwa kijiti hapo hapo vumbini. Kamba moja ndefu inazunguka bila mwisho, imefungwa vipande vya mpira vilivyokatwa kwenye tairi. Inashuka kisimani, inaingia katika mdomo wa tiyo, yaani bomba, kule chini, inapanda ndani ya tiyo, na kila kipande cha mpira kinasukuma maji mbele yake. Juu kuna gurudumu lenye mkono. Wewe unazungusha tu, maji yanamwagika ndani ya pipa, na kutoka pipani yanashuka yenyewe kwa tiyo nyingine mpaka robine ya jikoni, ile koki ya kufungulia maji. Kisima chetu kiko juu kidogo ya nyumba, pale kwenye mteremko. Kingekuwa chini yake ningelia.

"Kitu kimoja njo kinakosa," fundi akasema. "Gurudumu ya nguvu. Ya kinga itapinda."

Kinga ni baiskeli, na kweli ingepinda. Lakini gurudumu la nguvu nilikuwa nalo! Nyuma ya nyumba ilikuwapo mashine ya Baba ya kumenyea kahawa, ya chuma, ya kuzungushwa kwa mkono. Kila familia iliyolima kahawa huku kwetu iliwahi kuwa nayo. Unamimina kahawa nyekundu juu, unazungusha, maganda yanatoka huku na mbegu kule. Miti ya kahawa ilikufa, mashine ikabaki, na kuku wakaifanya kitanda. Fundi alipoanza kulifungua gurudumu, Mama akatoka chumbani kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Ile? Ile niliizungusha na mimba yako mu tumbo," akaniambia. Kisha akamgeukia fundi. "Ukivunja, utaniona."

Kazi ikaanza. Umeme ukatuaga papo hapo, kama kawaida yake, ikabidi fundi alete jenereta lake ambalo linapiga kelele kuliko kwaya ya vijana. Alichimba, akajenga nguzo za matofali za kuwekea pipa, akakata tairi, akasimulia maisha yake yote. Mama akaketi barazani na bega lake akitoa amri. Katikati ya wiki jirani mmoja akapita, mwanamke wa heshima zake, akasalimu vizuri, akauliza hali ya bega, akazunguka zunguka. Mwishowe akalitoa neno lililomleta.

"Mama, ile sufuria yako ya kubwa, ya sikukuu, tayari kuna mutu aliiomba?"

Mimi nikajibu badala ya Mama, na jirani akatoka haraka kuliko alivyoingia. Lakini usoni pa Mama niliona kwamba neno lile lilikuwa limemwingia kabisa. Usiku ule hakula.

Ijumaa alasiri pompi ikawa tayari. Fundi akatema mate mikononi, akashika mkono wa gurudumu, akazungusha. Mpira ukakwaruza ndani ya tiyo, tukasikia kitu kinapanda, na maji, jamani, maji yakatapika ndani ya pipa! Nikapiga vigelegele peke yangu. Watoto wa mtaa wakaja mbio, na wakubwa nyuma yao.

Lakini yaya hangekuja kuona kama fundi anaweza kuvuta maji. Fundi si mama yetu. Ilibidi Mama mwenyewe aweze, tena na bega bovu. Akasogea, akashika kwa mkono wake mzima, wa kushoto, akazungusha. Gurudumu likanguruma. Maji, hakuna hata tone.

"Kinyume, Mama!" fundi akapiga kelele. "Unazungusha kinyume!"

Mama akageuza. Akazungusha vizuri mara moja, akasimama kidogo apumue, mkono ukarudi wenyewe kule kule. Hakuna maji.

"Toka, nikuonyeshe," nikasema, maana mimi ni mjuaji. Nikashika, nikazungusha kwa nguvu zangu zote. Hakuna maji! Jirani mmoja akacheka, akaja yeye, hakuna maji. Akaja mume wake, mtu mzima mwenye kifua, akazungusha mpaka jasho, hakuna maji. Mstari mzima wa watu wakajaribu, na kila mmoja alizungusha upande ule ule mbaya, wengine huku wakijisemea kwa sauti, "Kinyume, kinyume."

Ndipo nikaelewa, nikataka kulia. Sote pale tulilelewa na kahawa. Tangu utoto ukiwekewa gurudumu lile mbele yako, unalisukuma juu liende mbele, mbali na kifua, kwa sababu ndivyo kahawa inavyomenyeka. Mwili hauulizi. Fundi peke yake ndiye aliyekulia mjini, hakuwahi kumenya hata punje, na alikuwa ameweka tiyo upande wa mwendo wake yeye, wa kuvuta kuelekea kifuani.

"Nitahamisha tiyo upande ingine," akasema. "Mais donc, nibomowe simenti, nifunge tena, ikauke... Juma kesho." Yaani wiki ijayo.

"Kesho njo gari inakuya!"

"Juma kesho, mama."

Niliyomwambia fundi baada ya hapo siyaandiki, kwa sababu kuna watu wa kanisa watakaosoma. Watu wakaanza kutawanyika. Mama alisimama pale karibu na gurudumu, mdogo kuliko nilivyozoea kumwona, na mimi nilimwonea huruma.

Jikoni maharagi yalikuwa motoni, na upepo ukageuza moshi wote ukatujia usoni. Mama akakohoa, akajifuta macho, akagombeza moshi, akazunguka kwenda upande wa pili wa kisima kuukimbia. Mkono wa gurudumu unashikika kutoka pande zote mbili. Kwa hasira tu, sijui alikuwa anamgombeza nani, akaushika kutoka kule na kuuzungusha kama anamenya mavuno yote ya Baba kwa siku moja.

Maji yakatapika.

Mama akaacha, akatazama pipa, akazungusha tena, kahawa vile vile, mbele, mbali na kifua. Maji! Ukisimama upande ule wa pili, mwendo wa kahawa ndio mwendo wa maji. Ni hivyo tu. Yule mtu mzima mwenye kifua alijipiga paji la uso. Fundi akakunja mikono yake.

"Voilà," akasema. "Njo vile nilipanga."

Tulicheka mpaka Mama akaketi chini.

Jumamosi lori likaingia kabla ya saa sita. Yaya akashuka na kamba za kufungia kitanda begani. Mama akamwambia, "Karibu, baba, kaa kwanza," akapanda taratibu mpaka kisimani, akapita moja kwa moja upande wa pili, ule wa kukimbilia moshi, akazungusha. Akashuka, akaingia jikoni, akafungua robine mbele yake, akanawa, akamletea maji katika kikombe. Yaya akanywa. Kisha akaenda kuitazama pompi mwenyewe, akaizunguka, akaishika. Kahawa, bila shaka. Upande mbaya, bila shaka. Hakuna maji. Mama alikuwa amekaa barazani, ameziba mdomo kwa kitenge, mabega yanatikisika, hata lile bovu.

Yaya akarudi. Akazikunja kamba zake polepole.

"Basi, Mama, bakia," akasema. "Hapana kukasirika. Nilikuwa naogopa tu. Walisema umeanguka, na miye niko mbali."

"Najua," Mama akasema. "Lakini nani alisema nabakia?"

Akasimama, akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, mkono mmoja una mfuko mdogo, na kwapani ana jogoo amefungwa miguu. Sisi tulimtazama kama wajinga. Yaya, ambaye kichwa chake hakikimbii haraka, akaenda moja kwa moja kuchukua matela, godoro la Mama.

"Rudisha matela," Mama akasema. "Nitalala pa matela yako. Ulikuwa unakuya kunibeba. Mutu mwenye nyumba yake imemushinda, njo anabebwa. Miye nyumba yangu iko na mayi. Sasa naweza kuya kwako kutembea, kama mugeni. Jogoo ni ya kwako. Nitarudi kabla ya kupanda maharagi."

"Na miye?" nikapiga kelele. "Ile pompi nilitengeneza juu ya nani?"

"Juu yangu," akasema. "Aksanti sana, mwana wangu." Akapanda mbele ya lori, yaya akamshika kiwiko, na alipoketi akashusha kioo. "Uzungushe kila asubuyi. Usisahau upande."

Nikabaki getini mpaka lori likapotea kwenye kona. Nililia, ndiyo, nililia sana na sikuona haya. Ningejua angeondoka hivyo ile pompi nisingeijenga, au ningeijenga mara mbili, sijui nasema nini.

Jirani wa sufuria akatokea wakati ule ule, amevaa nguo za kanisani, amechelewa kuaga. Akaangalia barabara, akaangalia macho yangu.

"Pole, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Bamemubeba?"

"Hapana," nikamwambia. "Ameenda kutembea."