Kicheko cha Mbuzi Katika Nyumba ya Eda

Nimewasikia watu wazima, wenye makabati ya vitabu majumbani mwao, wakisema kwamba kuigiza sauti ya katuni si kazi ya kulipwa fedha nyingi. Mmoja aliyasema hayo kwenye kikao chetu cha waandishi hapa Malindi, huku mkono wake ukichagua sambusa iliyonona. "Hata uso hauonekani," alisema. "Ni kusema tu." Siku hizi sijibu maneno kama hayo. Namtazama tu msemaji, kama ninavyomtazama mtu aliyetema mate mlangoni mwa msikiti.

Shangazi yangu alikuwa mbuzi. Mbuzi kizee mwenye kibanda cha mahamri, katika kipindi cha katuni ambacho kila mtoto, kuanzia Mambrui hadi Kilifi, alikijua. Alikuwa na kicheko kinachoanzia puani, kikashuka kooni, kikakwama hapo hata ukadhani amepaliwa, halafu kikapasuka. Kwenye karatasi waliandika neno moja tu, "anacheka". Mengine yote yalikuwa yake. Nimesikia watoto wa mtaa wa Kisumu Ndogo wakikiiga kicheko hicho wakiwa bombani na madumu yao, na nimewasikia wa Gede wakikiiga chini ya dirisha la mwalimu.

Mbuzi yule aliuzwa sokoni kwenye mikoba ya shule, kwenye chupa za maji, hata kwenye kandambili. Shangazi alilipwa kwa kutwa, kama mpaka rangi, akaongezewa soda. Alipoomba nyongeza, mtayarishaji wa kipindi alimpigapiga bega. "Mama, watoto wanampenda mbuzi," alimwambia. "Wewe hawakujui."

Mtayarishaji huyo alitoka Nairobi, akapanga nyumba pembeni mwa mji, akabandika magodoro ukutani na kuiita studio. Shangazi alipokuwa akirekodi, yeye alikuwa akifumba macho na kutikisa kichwa taratibu, kama kwamba utamu ule umetoka kwake. Sijapata kuona mtu anayejipongeza hivyo kwa jasho la mwingine.

Kisha mume wa shangazi akafariki, na shangazi akaingia eda. Kwetu kizuka, yaani mke aliyefiwa na mumewe, hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki ila kwa dharura, na mwanamume asiye maharimu wake hamwoni. Televisheni yake ilifunikwa shuka. Wanawake wa mtaa wakawa wanakuja baada ya alasiri kukaa naye, kumsomea, na kumpa habari za mji kwa sauti ya chini.

Alasiri moja tulikuwa tumekaa hivyo, na dirisha la jirani lilikuwa wazi. Mara tukamsikia mbuzi. Alicheka kile kicheko chake, puani, kooni, kikapasuka, na watoto wa jirani wakapiga kelele: "Kipya! Hiki kipya!"

Tasbihi ilisimama mkononi mwa shangazi.

"Hicho mimi sijakisema," alisema.

Wanawake walitazamana. Siku ile waliondoka mapema. Kufikia kesho yake mtaa mzima ulikuwa na hadithi moja: kizuka anatokea mlango wa uani kwenda kucheka kwa pesa, na kaburi la mumewe halijakauka. Jirani aliyekuwa akimletea uji kila asubuhi aliacha kuja.

Shangazi hakulia mbele yangu. Alinyoosha kanga yake magotini, akainyoosha tena. "Mwanangu," alisema, "yule mtu nimemuuguza, nimemfumba macho. Eda ndiyo heshima ya mwisho ninayoweza kumpa. Na hiyo nayo wananiibia."

Nilikwenda studio. Mtayarishaji alinipokea kwa furaha, kama nimekuja kumpa hongera.

"Umesikia? Hata nyinyi wa nyumbani hamkujua tofauti!"

Kumbe alikuwa ameilisha kompyuta rekodi zote za zamani, na kompyuta ikajifunza kumtoa mbuzi yenyewe. Alisema amefanya hivyo kwa heshima, asimsumbue mama katika msiba. Nilimweleza yanayosemwa mtaani. Akacheka. "Nyinyi watu wa pwani na maneno!" Nilimwambia kwamba shangazi anataka mambo mawili: ujira wa sauti yake, na watu wajue kwamba hakutoka nyumbani. Akasema atakuja mwenyewe.

Alikuja, amevaa shati lililopigwa pasi na uso wa majonzi ya kukodi. Nilimkalisha sebuleni. Shangazi alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia.

"Mama, pole sana kwa msiba. Hii ni rambirambi yetu." Akanikabidhi bahasha, na akanikonyeza.

Hapo nikaelewa. Rambirambi hairudishwi, na hakuna mtu mwenye adabu anayeijadili kama bei ya samaki. Mtu huyu, ambaye hakuwahi kumwamkia shangazi shikamoo hata siku moja, alikuwa ameulizia desturi zetu kwa kiasi cha kutosha kutufungia mdomo nazo.

Nyuma ya pazia shangazi akasema, kwa upole, "Mungu akulipe kheri, baba. Ya msiba nimeipokea. Ya kazi iko wapi?"

"Kazi gani, mama?"

"Mbuzi amecheka. Nani kamchekea?"

"Si wewe, mama. Hatukukuhitaji."

"Sikuja kwako?"

"Hujakanyaga kwangu tangu msiba!" Sauti yake ilipanda kwa fahari. "Kompyuta imefanya yote. Sasa mtu hajatoka nyumbani, hajafungua mdomo, alipwe kwa lipi?"

Nyuma ya pazia mabuibui ya wanawake yalichakarika. Mtayarishaji alidhani shangazi yuko peke yake.

"Subhanallah," ilisema sauti ya yule jirani wa uji, ambaye shangazi alikuwa amenituma nimbembeleze aje, japo kwa mara moja. "Kumbe hajatoka!"

"Sema tena, baba," ikasema nyingine. "Huku nyuma hatukusikia vizuri."

"Nani huyo?" aliuliza.

"Sisi. Hajatoka?"

"Hajatoka," alisema, sasa kwa sauti ndogo.

"Na hiyo sauti mliipata wapi? Mliiokota ufuoni?"

"Ilikuwa kwenye kompyuta, mama."

"Kompyuta ilizaliwa Malindi? Imekuzwa na nani hata icheke kama mwenzetu?"

"Mlipe mwenzio, baba, wacha kumzungusha!"

Alitazama pazia, akanitazama mimi, akarudi kwenye pazia, asijue amjibu nani. Alisema ataongea na wakubwa wake. Alivaa viatu bila kufunga kamba, akawa anasema "Sawa mama, sawa mama" mpaka barabarani. Bado anaongea na wakubwa, na mbuzi bado anacheka kila jioni.

Alipokwisha kwenda, niliingia ndani. Jirani wa uji alikuwa ameushika mkono wa shangazi kwa mikono yake miwili.

"Nisamehe, dada. Mimi nami nilisema."

"Wewe nimekusamehe," alisema shangazi. "Yeye bado."