Miaka Aliyoongezewa Orlane

Spéciose anauza viatu vya mitumba pale sokoni Jabe, na bei anayoitaja kwanza haijawahi kuwa ya kweli. Umri wa mwanawe aliutaja vivyo hivyo. Orlane alikuwa mrefu kuliko wenzake, basi mama akamwongezea miaka mitatu ili shule impokee mapema. Wengi hufanya hivyo. Anayewahi kuingia anawahi kumaliza.

Sasa Orlane analala darasani, analala hata kijiko kikiwa mkononi. Mwalimu anampiga, na amesema hataki kumwona tena mpaka daktari aandike kwamba ni ugonjwa.

Kliniki moja ya mjini ilimlaza usiku kucha. Kesho yake wakambandika nyaya kichwani, wakamlaza katika chumba chenye giza, wakamwamsha, kisha baada ya muda wakamlaza tena, hivyo hivyo mpaka jioni. Kila mara alisinzia upesi.

Daktari Rénovat alitazama matokeo.

"Mama Orlane, ugonjwa apana. Mutoto wa kumi na tatu mwili unabadilika, muchana usingizi unamukamata. Wengi wako hivi."

"Kwa hiyo ni muvivu?"

"Alale mapema tu."

Spéciose akauliza kama mtu anayeuliza bei ya kiatu asichokitaka:

"Na angekuwa na kumi, muganga?"

"Wa kumi? Akilala vizuri usiku, muchana umulaze kwa giza, atakuangalia tu, atakuimbia. Kusinzia upesi hivi, kwake ni ugonjwa."

"Basi weka kumi."

Daktari akacheka. "Eh, mama! Miaka nayo tunapatana?"

"Mi sipunguzi. Niliongeza, kwa sababu ya shule. Iko na kumi."

Kicheko kikakatika. Akamwambia Orlane afungue kinywa. Magego ya nyuma, yale yanayoota karibu na miaka kumi na miwili, hayakuwepo.

"Ni ugonjwa," akasema. "Dawa ziko. Shule nitawaandikia ni ugonjwa, lakini na umri wa kweli."

Spéciose akaitikia kwa kichwa. Alijua shule ingefanya nini.

Nje, Orlane akauliza, "Mama, watanirudisha kwa darasa ya wadogo?"

"Ndiyo."

"Na nikisinzia kule?"

"Hawatakupiga."

Wakasubiri magari yapite, wakavuka.